Ndoo ya asali kwenye keria: uchambuzi wa kisa cha safari ya pikipiki kutoka Tabora hadi Kigoma

Usuli

Watu watatu walitoka Tabora mjini kwenda Kigoma kwa pikipiki tatu, mwishoni mwa Septemba, wakati wa likizo fupi ya shule. Majina yao yameondolewa, pamoja na chapa za pikipiki na majina ya vijiji ambavyo vingeweza kumtambulisha mtu. Hapa wanaitwa Mjomba, mfugaji nyuki wa miaka hamsini na kitu. Mpwa wake, kijana wa miaka ishirini na miwili. Na Mwalimu, rafiki wa familia. Mjomba na Mpwa waliendesha pikipiki za cc 150 zenye magurudumu ya inchi 17. Ya Mwalimu ilikuwa cc 125 yenye magurudumu ya inchi 18. Wote walikuwa na leseni, bima na kofia ngumu.

Nia ilikuwa kupumzika siku tatu kando ya Ziwa Tanganyika, na Mjomba kupeleka zawadi kwa wakwe zake. Zawadi ya mtu wa Tabora inajulikana: ndoo ya lita 20 ya asali, imejaa mpaka mdomoni.

Njia yao ilipita Urambo, Kaliua, Kazilambwa, Malagarasi, Uvinza na Kidahwe, umbali unaozidi kilomita 400. Wakati wa kisa hiki lami ilikuwa ya vipande. Toka Tabora hadi Kazilambwa walipita vizuri, lakini baada ya hapo ilikuwa lami kidogo, changarawe, kisha michepuko ya ujenzi yenye vumbi laini kama unga wa muhogo.

Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya joto kali kuliko yote Tabora, kabla mvua hazijaanza. Nyasi zimekauka, misitu ya miombo inachomwa hapa na pale na moshi unakatisha barabara. Wasiozoea ukanda huu hushangazwa pia na saa za jua. Tanzania nzima inafuata saa ileile, lakini magharibi jua huchelewa. Mwishoni mwa Septemba Tabora jua huchomoza kama saa 12 na nusu asubuhi, na Kigoma huzama karibu saa 1 usiku. Kwa hiyo joto linapamba moto kati ya saa 8 na saa 10 mchana, na anayeelekea magharibi analipata jua la jioni usoni, moja kwa moja.

Maandalizi yaliyofanyika

Siku mbili kabla ya safari pikipiki zote tatu zilipelekwa kwa fundi. Zilibadilishwa oili (lita 1 na kidogo kwa kila moja, daraja 20W-50), breki shuu za nyuma za Mpwa zikawekwa mpya, plagi zikasafishwa, na sponji za kisafishio cha hewa zikafuliwa kwa mafuta ya taa, zikakaushwa na kupakwa oili kidogo. Cheni zilisafishwa na kukazwa hadi kuacha mchezo wa milimita 25 hivi katikati. Mwalimu alikataa zisipakwe oili chafu ya injini, kama wengi wanavyofanya kijiweni. Oili chafu ikikutana na vumbi inakuwa msasa, na cheni pamoja na sproketi zake huisha ndani ya safari moja. Badala yake walipaka oili nzito ya gia, kidogo, jioni cheni ikiwa bado ya moto, kisha wakafuta kwa kitambaa mpaka ikabaki kama kavu.

Upepo ulipimwa kwa geji: psi 25 mbele, psi 28 nyuma. Vipimo hivyo walivisoma kwenye kibandiko cha pikipiki, na kweli vimeandikwa pale. Ila ndicho kipimo cha mtu mmoja asiye na mzigo. Mstari wa chini yake, wa abiria au mzigo, ulisema psi 32. Hakuna aliyeusoma.

Kwenye begi la vifaa waliweka spana namba 8 hadi 17, plaizi, waya wa klachi wa akiba, plagi mbili, vyuma vya kufungulia tairi, viraka na gundi, msasa, waya wa kufungia, mipira ya tyubu kuukuu, na pampu ya mkono iliyotoka kwenye baiskeli ya nyumbani. Tyubu ya akiba haikuwekwa. Hoja ilikuwa kwamba viraka vipo. Waliweka pia pakiti sita za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, zile ORS za dukani.

Mpango wa kwanza ulikuwa kufika kwa siku moja. Mwalimu aliupinga, na wakakubaliana kulala Uvinza: kama kilomita 300 siku ya kwanza, 100 na kidogo siku ya pili.

Safari ilivyokwenda

Walipanga kuondoka saa 12 na nusu, wakaondoka saa 1:10 kwa sababu ndoo ya asali ilikuwa inateleza na kufungwa upya. Ilikaa juu ya keria, nyuma kabisa, na begi la nguo la kilo 7 hivi juu yake.

Saa 4 walikuwa Kaliua. Walikunywa chai, wakajaza mafuta sheli, wakaondoka saa 5 kasoro. Kazilambwa walifika saa 6:15, lami ikaisha.

Kwenye mchepuko wa kwanza wa vumbi zito usukani wa Mjomba ulianza kucheza kushoto na kulia. Alikaribia kuanguka mara mbili. Mpwa, aliyekuwa nyuma yake, alimwambia, "Mjomba, gurudumu la mbele halishiki chini." Mjomba alisimama, akasema tairi limejaa mno, na akapunguza upepo wa nyuma kwa kubonyeza pini ya valvu, akikadiria kwa kidole. Baadaye ilidhaniwa ulibaki kama psi 18. Hali ikawa nafuu kidogo, wakaendelea kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 30 kwa saa.

Saa 8 mchana walirudi kwenye njia ngumu. Mjomba akaitoa pampu ili ajaze upepo tena. Mdomo wa pampu ile ulikuwa wa kuungia kwenye valvu ya baiskeli, ile nyembamba. Valvu ya pikipiki ni pana, aina ileile ya magari, na mdomo haukushika. Walihangaika nayo dakika ishirini chini ya jua, wakajaribu hata kuuzungushia mpira. Upepo ulivuja wote pembeni. Wakaamua kuendelea polepole hadi kijiji chenye fundi.

Polepole yenyewe ilidumu kilomita chache. Njia ilipokuwa nzuri mwendo ulipanda hadi 60. Saa 8:40, kama kilomita 20 kabla ya Malagarasi, kundi la ng'ombe lilikatisha. Mjomba alikanyaga breki ya mguu kwa nguvu, bila kugusa ya mkono. Pikipiki ilitikisika mkia, ikasimama salama, na tairi la nyuma likawa limelala chini. Walipolifungua walikuta tyubu imechanika pale shina la valvu linapoungana na mpira.

Hapo kiraka hakifanyi kazi. Hakuna eneo bapa la kukigandisha, na shina likivutwa tu kinabanduka.

Wakati huohuo Mpwa alikaa chini bila kuambiwa. Kichwa kilimuuma, vigimbi vya miguu vilikaza, na mkojo wake, aliposema ukweli, ulikuwa rangi ya chai ya rangi. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa chupa mbili za kinywaji cha kuongeza nguvu na maji yasiyofika nusu lita. Alivaa jaketi zito la bluu iliyokoza, zipu imefungwa mpaka shingoni.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa hivyo

Mjomba alitaka kujaza nyasi ndani ya tairi na kusonga taratibu. Mbinu hiyo ipo na imewafikisha wengi: nyasi mbichi zinashindiliwa mpaka tairi liwe gumu, kisha unakwenda kilomita 10 hadi 15 kwa saa. Mwalimu aliikataa kwa sababu mbili. Nyasi zote zilikuwa kavu, na nyasi kavu zinasagika kuwa unga na kupata moto kwa msuguano. Pia tairi lilibeba asali. Kuendesha likiwa tupu ilikuwa ni kuharibu rimu na njiti zake.

Waliafikiana hivi: gurudumu la nyuma litolewe lote, lifungwe kwenye keria ya Mwalimu, naye alipeleke kwa fundi katika kijiji kilichokuwa kama kilomita 14 mbele. Mjomba abaki na Mpwa. Mgonjwa wa joto haachwi peke yake, hata akisema yuko sawa, kwa sababu dalili ya hatari ni kuchanganyikiwa, na anayechanganyikiwa hajui kwamba amechanganyikiwa. Udhaifu wa uamuzi huu ni kwamba Mwalimu alikwenda peke yake, mtandao wa simu ukija na kupotea. Udhaifu huo waliupunguza kwa kupanga saa: asiporudi kufikia saa 11, Mjomba asimamishe chombo chochote kinachoelekea Malagarasi.

Mpwa alilazwa chini ya mti, miguu ikiinuliwa juu ya begi. Alivuliwa jaketi na viatu, kitenge kikaloweshwa na kuwekwa shingoni na kwapani, Mjomba akimpepea kwa kipande cha boksi. Pakiti moja ya chumvichumvi ilikorogwa ndani ya lita 1 ya maji na akanywa kidogokidogo, si kwa mkupuo, maana tumbo lililochoka na joto hutapika. Maji yale yalikuwa ya Mwalimu, lita 1 aliyoificha chini ya begi tangu Tabora bila kumwambia mtu. Baada ya dakika 50 mkazo wa miguu uliachia. Kama ngozi yake ingekuwa ya moto sana, au angeanza kuzungumza ovyo, huo ungekuwa mpigo wa joto, na hapo hakuna kusubiri gurudumu. Anapelekwa kituo cha afya kwa chombo chochote huku akiendelea kumwagiwa maji.

Tatizo la tatu lilijileta lenyewe. Kifuniko cha ndoo kilikuwa kimepata ufa, asali iliyolainishwa na joto ikachuruzika kwenye keria, na nyuki wakaja. Mwanzo watano, baada ya robo saa hawahesabiki. Hapa ujuzi wa Mjomba uliokoa. Hakuwapunga. Alimwinua Mpwa taratibu wakasogea mti mwingine, hatua kama themanini upande unaotoka upepo, wakaiacha ndoo na nyuki wake. Mbung'o ndio waliobaki kuwasumbua, na wengi wao walilifuata lile jaketi la bluu lililotundikwa tawini. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu hiyohiyo.

Matokeo

Mwalimu alirudi saa 10:50 na tyubu mpya ndani ya gurudumu, psi 33 kwa geji ya fundi. Kulirudisha gurudumu na kunyoosha cheni kulichukua dakika 25. Wakabakiwa na mwanga wa saa moja na nusu na kilomita 70 hivi hadi Uvinza, jua likiwa machoni. Mjomba alitaka wafike kwa sababu chumba kilikuwa kimelipiwa. Mwalimu alisema pesa ya chumba ihesabiwe imekwenda. Walilala gesti Malagarasi, walikofika saa 12:05 jioni.

Asubuhi ndoo ilihamishwa kutoka keria hadi kwenye siti ya abiria, imeegemea mgongo wa Mjomba, imefungwa kwa mipira minne. Usukani haukucheza tena, hata kwenye vumbi. Waliondoka saa 1, wakavuka Mto Malagarasi, wakapita Uvinza, na saa 5 walikuwa Kigoma. Asali ilipungua kama lita 2.

Uchambuzi

Walioisikia hadithi hii wengi waliilaumu pampu. Pampu ina lake, lakini kosa lilianza mapema zaidi, juu ya keria.

Asali si maji. Lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kilo 28, na ukiongeza begi unafika 35. Uzito huo ulikaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Mzigo ukivuka ekseli unafanya kazi kama mtoto mnene aliyekaa mwisho wa bembea ya ubao: upande wa pili unanyanyuka. Gurudumu la mbele likawa jepesi, na gurudumu jepesi kwenye vumbi laini halina cha kushika. Mjomba alihisi usukani unacheza, akatibu tairi la nyuma. Ugonjwa ulikuwa mahali pa mzigo. Kuusogeza mbele kwa sentimita arobaini, kama walivyofanya kesho yake, kungemaliza tatizo bila kugusa upepo.

Kupunguza upepo kwenye mchanga si kosa lenyewe. Madereva wengi hufanya hivyo, na kwa pikipiki tupu kunasaidia, mradi ujaze tena kabla ya njia ngumu. Lakini hapa tairi lilikuwa tayari pungufu kwa mzigo huo, psi 28 badala ya 32, kisha likashushwa hadi 18. Fikiria kinachotokea ndani. Kwenye tairi la tyubu, kinacholibana tairi kwenye rimu ni upepo. Ukipungua, mbano unalegea, na breki ikikamatwa rimu inasimama wakati tairi linaendelea kuzunguka kidogo. Tyubu imegandamana na tairi, inavutwa nalo. Shina la valvu limepita kwenye tundu la rimu na haliwezi kufuata. Linachanika shingoni. Breki ya nyuma peke yake iliongeza mvuto huo. Laiti angegawa nguvu na breki ya mbele, ambayo kwenye njia ngumu ndiyo inayosimamisha pikipiki kwa sehemu kubwa, huenda tyubu ingefika Malagarasi.

Na kulikuwa na onyo. Mwalimu alikumbuka baadaye kwamba walipokuwa wakihangaika na pampu, valvu ilikuwa imeinama kidogo, haielekei tena katikati ya gurudumu. Valvu iliyoinama maana yake tairi limeshatembea juu ya rimu. Ndiyo maana mafundi wazoefu hawaikazi ile nati ndogo ya valvu hadi kwenye rimu. Wanairudisha juu mpaka chini ya kifuniko, ili valvu iwe huru kuinama na mwenye macho aone mapema. Ya Mjomba ilikuwa imekazwa chini kwa plaizi, na hilo lilipunguza kuinama, likaongeza kuchanika. Ukiiona imeinama, toa upepo wote, pigapiga tairi lirudi mahali pake, kisha jaza.

Kuhusu pampu, tiba ni ya dakika mbili: ijaribu nyumbani kwenye valvu ya pikipiki yenyewe, toa psi 10 na uzirudishe. Inayofaa ina mdomo wa kubana wenye mkono mdogo wa kufunga, au wa kuzungusha wenye nafasi ya valvu pana. Viraka bila pampu inayoshika ni uzito wa bure. Na viraka havichukui nafasi ya tyubu, kwa sababu vinaziba tundu la msumari tu, si shina la valvu wala mpasuko mrefu. Kwa magurudumu ya inchi 17, tyubu moja iliyoandikwa 2.75/3.00-17 inafaa mbele na nyuma. Kundi lenye pikipiki za inchi 17 na 18 pamoja libebe moja ya kila saizi.

Joto nalo lilisomwa vibaya. Kwenye pikipiki upepo unakausha jasho kabla hujaliona, basi mtu anadhani hatoki jasho. Hewa ikizidi nyuzi 35 hivi, yaani joto la ngozi, upepo hauipoozi tena ngozi isiyo na jasho; unaiongezea joto, kama anayesimama karibu na tanuri la matofali. Kipimo cha kuanzia ni nusu lita ya maji kwa saa, yanywewe kila kituo hata bila kiu, kwa hiyo safari ya saa 8 inataka lita 4 kwa kila mtu. Wao walikuwa na lita 1.5 kila mmoja. Vinywaji vya kuongeza nguvu havihesabiwi kama maji. Vilimfanya Mpwa asihisi kuchoka wakati mwili ulikuwa umeshachoka. Jaketi ni lazima, kwa ajili ya kuanguka, ila liwe la rangi ya kahawia au kijivu, lenye matundu ya hewa kifuani, na shati la pamba ndani lililoloweshwa kabla ya kuondoka. Likikauka, lowesha tena.

Yaliyofanywa vizuri yasisahaulike. Kugawa safari siku mbili ndiko kulikowapa nafasi ya kuharibikiwa kwa karibu saa tatu bila kuingia usiku. Cheni zilifika Kigoma bila kukazwa tena. Na ule uamuzi wa kulala Malagarasi, uliogharimu chumba cha Uvinza, ulifanywa na watu waliochoka, na watu waliochoka kwa kawaida huchagua kuendelea. Barabara ile jioni ina ng'ombe wanaorudi zizini, baiskeli zisizo na taa, na malori yanayoacha ukuta wa vumbi ambao jua la magharibi linaugeuza kuwa pazia jeupe. Kioo cha kofia chenye mikwaruzo kinafanya pazia hilo lizibe kabisa.

Wakati wa kurudi waliwasha pikipiki Kigoma na migebuka mikavu, samaki wa Ziwa Tanganyika, kwenye siti ya abiria, tyubu mbili na pampu nyingine, tairi la nyuma la Mjomba likiwa na psi 32. Safari hii walielekea mashariki, jua likawa usoni asubuhi. Walitoka saa 12 na nusu, kabla halijachomoza, na lilipopanda usawa wa macho wakasimama Kidahwe kunywa chai mpaka saa 2.